Maji yanavyokwenda: vitenzi vya watu wasio na maporomoko

Hakuna maporomoko ya maji Unguja, na Pemba hakuna. Visiwa vyetu ni vya chini. Hata pale palipoinuka kabisa ardhi haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na kutoka tuta la Masingini mpaka ufukweni maji hushuka taratibu, hayana genge la kujirusha. Mtoto wa skuli wa Chake Chake huyajua maporomoko kwa kitabu cha jiografia: Rusumo katika Mto Kagera, Kalambo mpakani mwa Zambia, Sanje kule Udzungwa ambako maji yanashuka kiasi cha mita 170. Akitaka kuyaona kwa macho yake itabidi avuke bahari.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, na hadithi nyingi zinazopita mezani kwangu zina maji ndani yake. Haiwezekani kuandika hadithi ya Pemba bila ya maji. Lakini siku hizi naona maneno mawili yamebebeshwa mzigo wote: maporomoko kwa jina, kutiririka kwa kitendo. Mvua inatiririka, bomba linatiririka, chemchemi inatiririka, bati bovu linatiririka, machozi nayo yanatiririka. Hilo linaniuma, kwa sababu wanaoandika hivyo wamelelewa ndani ya lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kiunguja kilichukuliwa na utajiri wake, na kuhusu maji utajiri huo hauko kwenye majina ya maanguko makubwa, ambayo hatuna. Uko kwenye vitenzi. Kila kimoja kinakwambia maji yametoka wapi, yamegusa nini njiani, na ujitayarishe kwa lipi.

Nianze na majina, maana hayo ni machache. Kwa maji yaangukayo kutoka juu tuna maporomoko, tuna maanguko, na tuna mlizamu. Maporomoko ndilo lililoshinda, na kwa Rusumo au Kalambo sina ugomvi nalo. Ila kwa sikio la mtu wa visiwani kuporomoka ni jambo la kuvunjika. Kinachoporomoka ni kitu kizito kilichoachia pale kilipokuwa kimeshikilia: ukuta, kifusi, ukingo wa shimo, bei ya karafuu. Jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na hakuna aliyehitaji kitenzi kingine. Disemba 2023, Mlima Hanang ulipoteremsha udongo na mawe juu ya mji wa Katesh, watangazaji walisema "maporomoko ya tope", na walisema sawa. Neno limebeba uzito na hasara. Kwa hiyo mwandishi anaponieleza juu ya "maporomoko madogo ya kupendeza" nyuma ya nyumba ya shujaa wake, najua neno linamvuta kwengine kuliko anakotaka kwenda.

Maanguko ni pole zaidi. Yanasema tu kwamba maji yalikuwa juu na sasa yako chini. Sijui kwa nini tumeliacha.

Mlizamu ndilo ninalolipenda, na hili tunalo kwa macho. Ni ule mdomo wa kutolea maji ya mvua kwenye mapaa ya nyumba za zamani, unaochomoza nje ya ukuta ili maji yaangukie mbali na nyumba. Kamusi za zamani zinalitaja pia kwa maji yanayoanguka kwenye mwamba. Ukisimama katika uchochoro wa Mji Mkongwe siku ya masika utaona: maji yanaruka kutoka juu kwa upinde mmoja mnene na kupiga mawe ya njia, na wapitao wanaubana ukuta wa upande wa pili. Mtu aliyeona hivyo hahitaji picha ya Kalambo kuelewa mlizamu ni nini. Kwa maanguko madogo, yale ambayo mtu anaweza kusimama chini yake akaoga, mimi ningeandika mlizamu bila ya kusitasita.

Mlizamu umewekwa pale kwa sababu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu hulalia boriti za mikoko. Jengo la namna hiyo linavumilia jua, chumvi na miaka mingi, lakini halivumilii maji yanayoingia kimyakimya. Chokaa hulegea, na ncha ya boriti iliyozikwa ndani ya ukuta huoza pale ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo mafundi wa mji huu wana msamiati wa maji ambao ningetamani kila mwandishi akae nao asubuhi moja.

Masika yaliyopita nilimwita fundi mzee aje kwenye nyumba ya urithi tunayokaa. Nilimwambia paa linavuja. Alivua viatu mlangoni, akapiga hodi, akakaribishwa, na kabla hata ya kuuliza ngazi iko wapi akaniuliza:

"Inatona au inachuruzika, mwanangu?"

"Ukumbini inatona," nikamwambia. "Chumba cha uani inachuruzika."

"Na ukuta?"

"Ukuta una baka, fundi, linapanda."

"Basi umesharabu. Haya, tuanzie kwenye ukuta."

Akanieleza huku anapanda. Maji yanayotona huja tone baada ya tone, na kati ya tone na tone kuna nafasi. Hayo yamekwisha kukaa ndani ya sakafu ya juu. Yameingia mahali, yamesafiri ndani ya chokaa, yametokea mahali pengine. Ukiziba juu ya pale linapodondokea tone umepoteza saruji bure. Maji yanayochuruzika ni uzi mwembamba usiokatika, na uzi huo una njia ya wazi, kwa hiyo tundu liko karibu. Mara nyingi si tundu hasa, ni mlizamu ulioziba kwa majani na vumbi, maji yakakosa pa kutokea yakajitafutia. Kile chumba cha uani kilikuwa hivyo. Alitoa majani makavu kwa mkono, na kiota cha ndege, na pande la plastiki, na mvua ya jioni ile chumba kilikuwa kikavu. Ukuta ndio uliomkalisha. Ukuta uliosharabu maji haudondoshi kitu, hautoi sauti, na ukiugusa unahisi ubaridi tu. Huo, akasema, ndio unaoua nyumba.

Kuvuja ni jina la ugonjwa. Kutona, kuchuruzika na kusharabu ni dalili, na fundi hutibu kwa dalili. Methali yetu inayosema "Chururu si ndondondo" nadhani ilitoka kwa watu wa namna hii, waliowahi kuweka chombo chini ya maji na kusubiri. Chururu ni mwendo usiokatika, hata ukiwa mwembamba. Ndondondo ni matone. Mwenye chururu hujaza mtungi akiwa bado hajaketi, na mwenye ndondondo hukesha. Watu huitumia kwa riziki, kwamba kidogo cha kila siku ni bora kuliko kingi cha mara moja moja, na wakati mwengine huiweka mbele ya "Haba na haba hujaza kibaba" kumkumbusha mtu kwamba haba nazo zinatofautiana.

Sasa kutiririka. Sikichukii kitenzi hiki. Nakiheshimu kuliko wanavyokiheshimu wanaokimwaga kila mahali. Kutiririka ni kushuka kwa ulaini huku maji yamegusa kitu. Lazima pawe na uso chini yake: jani la mgomba, shavu, mteremko, shina la mnazi siku ya mvua. Maji yaliyo hewani hayatiririki, yanaanguka, yanamiminika, yanadondoka. Ndiyo maana "mvua ilitiririka kutoka mawinguni" naikata kila nikiiona. Mvua ikishafika kwenye bati, hapo sasa inatiririka, mpaka ukingoni, na kutoka ukingoni inaanguka tena.

Tofauti hii tulifundishwa chuoni, yaani chuo cha Kurani, kabla ya kujua kusoma. Mtoto wa Kizanzibari huanza kutawadha akiwa mdogo, na maalim husimama juu yake akitazama. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, uso, mikono na miguu huoshwa, na kichwa hupakwa. Kuosha na kupaka ni vitu viwili, na mpaka wake ni mwendo wa maji. Kiungo kilichooshwa ni kile ambacho maji yamepita juu yake, yamekwenda. Ukichovya vidole ukapitisha unyevu mkononi, hata mkono wote ukilowa, umepaka. Tulikuwa tunapanga mstari kwenye hodhi la msikiti, kila mmoja na kopo lake, na wale wavivu, hasa asubuhi za kusi ambapo maji yanauma kwa baridi, walikuwa wanalowesha mkono kwa ncha za vidole na kuteremsha mkono wa kanzu upesi. Maalim alikuwa anakamata kiwiko, anakigeuza, anakitazama. "Hapa maji hayakupita. Yatiririke mpaka yadondoke." Na alikuwa anangoja mpaka tone lidondoke kwenye kiwiko na kugonga sakafu, ndipo anamwachia.

Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya vitenzi viwili hivyo na jinsi vinavyofuatana. Maji hutiririka maadamu yana ngozi ya kupita, na yakifika mwisho wa kiwiko hudondoka. Mtoto wa miaka sita amefundishwa semantiki na ibada kwa kopo moja.

Machozi yanafuata mpango huo huo, na hapa waandishi wa hadithi wangefaidika sana. Kabla machozi hayajatoka yanalengalenga. Jicho limejaa, ukingo umeyashika, mtu bado anaweza kugeuza uso. Yakivuka ukingo yanatiririka, kwa sababu shavu lipo. Mtu aliyeinama juu ya barua, machozi yake hayapiti shavuni, yanadondoka kwenye karatasi. Na kububujika ni kwa yule aliyeshindwa kabisa, kilio kinamtoka ndani bila ya ruhusa. Mwandishi anayemfanya mjane atiririkwe na machozi mlango wa kwanza mpaka wa mwisho amejinyima ngazi tatu.

Kububujika kunakwenda kinyume na vyote nilivyotaja mpaka sasa, maana hapo maji yanapanda. Yanasukumwa kutoka chini, yanainua uso wa maji yaliyotangulia, yanatoa mapovu na sauti. Ni kitenzi cha chemchemi, na upande wa magharibi wa Unguja una chemchemi. Kaskazini ya mji uko Mtoni, jina lisilohitaji maelezo, ambako Sayyid Said alijenga kasri lake karibu na mto uliokuwa ukiingia baharini hapo hapo. Mbele kidogo ni Bububu. Wako wanaoshikilia kwamba Bububu ni sauti ya treni, kwa sababu palikuwa na reli iliyofika huko, kama kilomita 11 kutoka mjini. Lakini reli ile ilifunguliwa mwaka 1905. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Jina lilikuwepo kabla ya treni. Wenyeji wanaosema ni mlio wa maji ya chemchemi, mimi nawaunga mkono.

Maji ya upande ule ndiyo yaliyoletwa mjini kwa mabomba wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888. Kabla yake mji ulitegemea visima, maji ya mvua na wachukuzi. Na hapa pana neno linalowachanganya wageni kutoka bara mpaka leo. Sisi pale maji yanapofunguliwa na kufungwa tunapaita mferejini. "Kanawe mferejini." "Mfereji umeachwa wazi." Bara mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, kwa hiyo mgeni akiambiwa anywe maji ya mfereji hushtuka, akidhani ameelekezwa mtaroni. Wenzetu husema bomba, neno lililotoka kwa Wareno. Yote mawili ni Kiswahili, na sioni haja ya kulifuta moja ili jengine liishi. Nasikitika tu nikisoma hadithi ya mtaa wa Kikwajuni ambamo bibi mzee anasema "fungua bomba", wakati huyo bibi katika maisha yake yote hajalitamka.

Kwenye mfereji pia ndipo kilipo kitenzi ninachokiona kinapotea mbele ya macho yangu, nacho ni kukinga. Maji ya kisimani hutekwa, kwa ndoo na kamba, kutoka chini. Maji ya mtungini au pipani huchotwa, kwa kata au kopo. Maji yanayoanguka yenyewe, ya mfereji au ya mvua, hukingwa: unaweka chombo chini yake na kungoja. Watu wanaoishi na mfereji unaotoa maji usiku tu wanajua maana ya kukinga kwa usingizi walioupoteza. Mtu akisikia ndoo ya kwanza inagongwa uani kwa jirani anaamka, anawaamsha watoto, madumu yanapangwa foleni, na kwa saa moja mtaa mzima unakinga. Leo naona vijana wanaandika "kuchota maji" kwa yote matatu. Msomaji hajui tena kama huyo mtu ameinama, amevuta, au amesimama na kungoja, na hayo ni maisha matatu tofauti.

Mvua nitaipitia haraka kwa sababu wengi wanaijua. Rasharasha na manyunyu hazimzuii mtu safari. Masika ya Machi mpaka Mei yanamzuia. Vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka. Pemba hupata mvua zaidi kuliko Unguja, na mabonde yake ya mpunga yanaonesha. Mvua ikisita tunasema imeanuka, neno zuri ambalo redioni silisikii tena. Na jambo moja la kuwaomba waandishi wa habari: mafuriko ni maji yaliyovuka ukingo, yaani kitu kimefurika, mto au mtaro au hodhi. Gharika ni maji yanayofunika na kuangamiza, kama ya wakati wa Nabii Nuhu. Barabara iliyojaa maji mpaka kwenye tairi haijapata gharika.

Kuna mwendo mmoja wa maji wa Unguja ambao vitabu vya bara havikuuhitaji. Baadhi ya mito yetu haifiki baharini. Inaanzia kwenye matuta ya magharibi, kwenye udongo mzito, inaelekea mashariki au kusini, na ikikuta ukanda wa mawe ya matumbawe inapotea. Haikauki. Inamezwa. Maji yanaendelea chini, kwenye nyufa na mapango, na ndiyo maana nusu ya mashariki ya kisiwa, kuanzia Makunduchi kwenda juu mpaka Nungwi, haina mto wa kutazama lakini ina visima na mapango yenye maji baridi. Upande wa kaskazini magharibi, katika pango la Mangapwani, unashuka ngazi kutoka kwenye jua kali na chini unakuta maji ya kunywa yametulia gizani. Kitenzi cha hapo si kutiririka wala kuchuruzika, maana hakuna anayeyaona yakienda. Husemwa maji yamezama, yamepita chini, yametokea. Kwa wanaoishi juu ya mawe hayo lugha hii ni tahadhari. Maji yaliyozama kwenye nyufa hayachujwi kama yale yanayopenya mchangani, na choo kilichochimbwa juu kinaweza kutokea kwenye kisima cha chini.

Na bahari. Ningeweza kuandika makala nzima ya bahari peke yake, kwa sababu huko ndiko watu wa visiwani tulikoweka akili zetu. Maji ya bahari hujaa na kupwa, mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya juu na chini hufika kama mita nne. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, hayajai vya kutosha wala hayapwi vya kutosha. "Maji yakijaa hupwa," husemwa kwa mwenye cheo, na ni methali ya watu waliolitazama jambo hilo kila siku ya uhai wao.

Kujaa na kupwa unaviona. Mkondo huuoni. Bahari inaweza kuwa shwari juu na chini yake maji yanakwenda kwa nguvu. Mkondo mkuu wa mwambao wetu huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi huutia kasi, kaskazi huupunguza. Mlango kati ya Unguja na bara ni wa maji machache, lakini ule wa Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, na pale Nungwi, ambapo kisiwa kinaishia na njia ya Pemba inaanza, maji yanakutana kwa namna ambayo kila Mpemba aliyesafiri usiku ameihisi tumboni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika bahari ile ikielekea Pemba. Sikumbuki mtu wa kwetu aliyesimulia habari zile akasema maji yalitiririka. Walisema mkondo umechukua. Kitenzi chake ni hicho, kuchukua, na mtu huwa amechukuliwa. Lugha imempa mkondo mikono, na wavuvi wanapowakataza watoto kuogelea mahali fulani hawataji kina. Husema tu, "Pale panachukua."

Ukitaka kusikia vitenzi hivi vikifanya kazi, nenda Paje au Jambiani siku za bamvua. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kazi yenyewe hufanyika maji yakipwa sana, kwa hiyo ratiba yao si ya saa ya ukutani. Nilimuuliza mama mmoja wa Paje, aliyekuwa anafunga vipande vya mwani kwenye kamba uwanjani kwake, kesho atatoka saa ngapi.

"Maji yakitoka nusu, natoka," akasema.

"Na utarudi saa ngapi, mama?"

"Yakisimama nafunga kamba ya mwisho. Yakianza kuingia nishajitwika gunia. Usingoje yakufike magotini, mwanangu, gunia la mwani bichi zito."

Kutoka, kusimama, kuingia, kufika: vitenzi hivyo vinne vilitosha kunipa mwanzo wa kazi yake, mwisho wake, muda wa kupumzika na hatari. Rasimu iliyonipeleka Paje ilikuwa ya kijana aliyeandika juu ya wakulima wa mwani, na kwenye aya ya pili aliandika "mawimbi yalipokuwa yakitiririka ufukweni". Niliifuta sentensi ile, nikaweka maneno ya yule mama, nikamrudishia na maelekezo kwamba aende mwenyewe kabla bamvua halijapita, awasikilize wanavyoyasema maji, halafu ndiyo awaulize bei ya kilo.